Mpaka Ishirini

Sista Leokadia alinifundisha kuamka upya,
mimi, mtu mzima wa miaka ishirini na tisa:
geuka ubavu, teremsha miguu, kaa,
hesabu mpaka ishirini, ndipo usimame.
"Ukikurupuka," alisema, "sakafu itakuja kukupokea."

Moja.
Ramla analia ndani ya chandarua.
Mbili. Tatu.
Daktari aliuchora moyo wangu nyuma ya karatasi ya vipimo:
umelegea, mama, kama shingo ya fulana
iliyovutwa na watoto.
Nami nina mtoto mmoja tu,
wa wiki saba, asiyejua bado kuvuta kitu.

Kidonge cha pinki, cha njano, na nusu ya cheupe.
Ile nusu Shaweji huikata kwa wembe juu ya kisosi,
pumzi ameizuia kama sonara.
Hiyo nusu hunituma chooni kama mtoto anavyotumwa dukani:
nenda, rudi, umesahau chenji, nenda tena.
Choo ni kimoja, uani, wapangaji vyumba sita.
Mwanzoni walinuna.
Sasa nikitokea tu mlangoni na ndala zangu
Mama Sikujua anadaka ndoo yake, anapaza sauti:
"Mpisheni, gari la wagonjwa hilo!"
Nami nacheka, nikijibana.

Halafu kikohozi.
Kikavu, hakina kohozi wala sababu,
kinanikwaruza koo usiku kucha.
Nakohoa ndani ya khanga, nimeing'ata pindo.
Dada wa chumba cha mbele akahamisha kikombe chake,
hakusema kitu. Kikombe kilisema.
Wiki tatu nilivumilia ndipo nikamwambia daktari.
"Mbona ulinyamaza? Ni dawa hiyo, tunaibadilisha."
Nilidhani ndiyo bei.
Nilidhani ukipewa uhai huombi punguzo.

Nne. Tano. Sita.

Maziwa yalikatika siku ya nne ya kidonge kingine.
Bi Havijawa, mama mkwe, alivuka kutoka Kigamboni
na pilipili manga zake kwenye kitambaa,
akanikorogea uji wa kuyaita maziwa.
Hayakuitika.
Akapika supu, akatia chumvi ya mkono mzima.
Nikasema, mama, chumvi nimekatazwa.
Akanitazama kama niliyekataa jina la ukoo.
Kesho yake nikamkuta jikoni peke yake,
anaonja supu isiyo na chumvi, anakunja uso, anaonja tena,
kisha anakamua ndimu, moja, ya pili.
"Jaribu hii," akasema. Hakunitazama.
Nikamaliza bakuli.

Neno jingine lilisemwa kwa sauti ya chini:
usibebe mimba tena.
Shaweji aliikunja karatasi ile mara nne, mara tano,
mpaka ikagoma kukunjika.
Tukarudi Yombo. Njiani akanunua kopo la maziwa ya unga
na machungwa mawili.

Saba. Nane.
Ni Januari, bati linalia kwa jua,
jiji zima linajipepea na vifuniko vya ndoo,
mikono yangu mimi imetoka kwenye deli la barafu.
Nilipomgusa Ramla mara ya kwanza na mikono hii
alishtuka, akatupa miguu.
Siku hizi naikumbatia kwanza chupa ya chai,
naiazima joto,
ndipo namshika mwanangu.
Chai yenyewe hupoa. Shaweji huinywa hivyo hivyo.

Tisa. Kumi.
Nahesabu kwa sauti, ili ajue nipo,
kwamba kuchelewa huku si kukataa.
Kuna siku nahesabu kwa hasira.
Kuna siku napotea kwenye saba, naanza upya,
naye analia mpaka jirani anagonga ukuta.

Kumi na moja.
Hapo, tangu juzi, hunyamaza.
Amegeuza kichwa, anasikiliza.
Mama Sikujua anasema huyu atajua hesabu kabla ya ubwabwa.

Kumi na nane.
Ukuta unaacha kuyumba.
Kumi na tisa.
Miguu, mko?

Ishirini.
Nakuja.