Mpakato wa Shangazi Mwanjaa

Wenye kamusi huiita mpakato,
kwa kuwa hupakatwa kama mtoto.
Hii ya shangazi haipakatiki:
ina joto la kikaango, na feni yake
hukoroma mpaka jirani, mama Hidaya,
huuliza nani anasaga usiku huu
hapa Barabara ya Kumi na Sita.

Herufi A iling'oka zamani.
Miaka minne aliandika bila hiyo,
ndipo nikagandisha punje ya dengu kwa gundi.
Jaribu mwenyewe lugha hii bila A:
huwezi kudai, huwezi kusamehe,
na Mwanjaa anabaki Mwnj,
kama mtu anayeita huku anazama.

Ukiiwasha alfajiri
nenda kanunue mkaa, rudi, sugua sufuria,
kiduara bado kinazunguka kiooni.
Fundi wa Chumbageni alisema, "Mama, hii tupa,"
macho yake yako kwenye mpya za kabatini.
Shangazi akamwambia:
"Baiskeli ya marehemu Sengasu
imebadilishwa mnyororo, tandiko, magurudumu yote mawili,
na mjini kote bado ni baiskeli ya Sengasu."

Basi nikapakua Linux kwa bando la usiku,
ile nyepesi, ya mashine zilizokatiwa tamaa,
simu nimeiegemeza dirishani, penye mtandao,
saa nane hadi kumi na moja kasoro.
Nikaitia kwenye flashi yenye kizibo cha kalamu.
Betri ilishakufa, roho ya mashine iko kwenye waya.
Nikamwomba Mungu,
kisha nikawaomba TANESCO.

Dirisha la kijivu likauliza:
*Futa kila kitu?*
Hivyo tu, bila hata hodi.

"Shangazi, tuhamishe kwanza."
Akavuta kigoda.
Picha za harusi ya Kibibi, hamisha.
Vipimo vya oda za Idi, hamisha.
Barua ya kuomba kiwanja Pongwe, isiyojibiwa,
"hamisha, huwezi kujua."
Halafu faili moja, jina lake MDENI.
Nikadhani ni mtu.
Kumbe ni MADENI, ya kabla ya dengu.

Majina kumi na tisa, yote yamechomolewa A.
*zen w mnrni, mndzi 40.*
Tukasoma kwa kubahatisha,
kama wasomao jiwe la kaburi lililoliwa na chumvi.
Wawili wamekwishazikwa.
Mmoja yuko Handeni, hajulikani mtaa.
Mmoja alilipa kwa gunia la machungwa ya Muheza
na shangazi akasahau kumfuta;
miaka mitano amemnunia bure.
Hapo akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Hilo liache humohumo."
Nikamuuliza mara mbili, kama mashine.
"Nimesema liache."

Nikabonyeza.

"Ngoja! La Shekilindi!"
Asilimia ishirini na moja imeshapita.
Akanyakua kalamu, akaandika kwenye boksi la majani ya chai:
*Shekilindi, elfu kumi na moja na mia tano.*
"Yule ana gari," akasema,
akalisukuma boksi nyuma ya kabati.

Kwenye sitini na nane taa ikapepesa.
Hatukupumua.
Nilisikia friji ya mama Hidaya ikisita, ikijikohoza,
ikaendelea.
Shangazi alikuwa ameushika waya ukutani
kwa mikono miwili, kama anayemzuia mgeni asiondoke.

Sekunde arobaini!
Maji ya chai hayajawa hata vuguvugu
na uwanja wa bluu umeshatandikwa, mtupu,
unauliza jina.
Akaweka miwani. M. W. Dengu.
N. J. Dengu, dengu.
Akaliangalia jina lake muda mrefu,
hakubonyeza kitu kingine.

Feni ilikuwa kimya.
Ukuta ukagongwa mara tatu:
"Mwanjaa! Kwema huko?"