Sukari ya Chura

Jumamosi ya Novemba, Thunder Bay,
nikikusanya kuni nyuma ya banda la Aila Kettunen
(mwenyewe yuko hospitali, anabadilishiwa goti),
reki ikagonga kitu kigumu chini ya majani.
Nikadhani jiwe.
Jiwe lina vidole?

Chura. Amejikunja kama ngumi ya mtoto,
macho meupe kama ya samaki aliyeiva.
Nikamgonga kwa ukucha: ko, ko,
mlango wa nyumba iliyohamwa.

Nikampigia Aila: chura wako amekufa.
Akacheka hadi muuguzi akamkemea.
"Mrudishe ulipomtoa, mfunike majani yake.
Huyo hajafa, amesitisha tu."

Amesitisha nini?
Moyo, akasema. Pumzi. Damu.
Hata mkojo, hadi theluji iyeyuke
(nikabana mapaja kwa huruma).
Baridi ikimgusa ngozi, ini hufungua ghala,
humwaga sukari mwili mzima,
kila seli ikalowa shira;
barafu hulala nje, vichochoroni,
haipewi ufunguo wa ndani.

Sukari!
Mimi ninayejitoboa kidole kila alfajiri,
ninayehesabu vipande vya viazi kama mhasibu,
niliyemzika mama Pangani kwa utamu huohuo,
nimesimama na glovu moja, mdomo wazi.
Daktari wangu angeona kipimo cha huyu
angeita ambulensi, kisha angeita kasisi.

Nimwulize nani? Chura ni barafu.
Nikamrudisha. Nikampanga majani moja moja
kama mtu afungaye zawadi
asiyojua ni ya nani.

Usiku ule theluji ikapanda hadi kwenye kitasa.
Majira yote ya baridi nilipita pale na ndoo ya majivu,
nikikanyaga mbali kidogo.

Mwishoni mwa Aprili, Aila na mkongojo wake mlangoni,
kidole mdomoni: nyamaza.
Nyuma ya banda, kwenye dimbwi lisilofika goti, jipya wala la zamani,
makelele. Si ya vyura niwajuao,
ni kama bata wanaogombea urithi.
"Huanza kuyeyuka ndani," akanong'ona,
"moyo unadunda, miguu bado mbao."

Nikatazama ncha ya kidole changu,
tone la asubuhi limeshakauka.
Saba nukta tisa, nikaliambia dimbwi.
Na wewe je?