Mechi Iliyoahirishwa

Jumamosi ile jalidi iliukaba uwanja koo.
Wattie Imrie, mtunza nyasi, alichoma uma ardhini,
uma ukarudi umepinda.
Akamtazama refa. Refa akatazama viatu vyake.
Saa nne na nusu asubuhi mechi ikaahirishwa.

Redio ilitangaza. Sisi hatukusikia:
mama alikuwa ametoka zamu ya usiku hospitalini,
na nyumba yenye mtu aliyekesha haiwashwi redio.
Nilimvisha Lachlan soksi mbili mbili,
nikazitia sarafu zetu ndani ya glavu,
tukatoka kwa ncha za vidole.
Mabasi mawili hadi Kilbrennan,
saa nzima na robo ya kupumulia kioo cha dirisha
na kuchora namba tisa kwenye ukungu.

Getini kimya.
Hakuna muuza skafu, hakuna harufu ya vitunguu,
ila karatasi iliyobandikwa kombo,
neno moja kwa kalamu nene.
Nilikuwa na miaka kumi. Nililisoma mara tatu,
kana kwamba neno likisomwa vizuri hubadilika.
Lachlan hakulia. Hilo ndilo lililoniuma.
Alisema, "Basi tungoje ya wiki ijayo,"
akaketi papo hapo, kwenye zege.

Mlango wa pembeni ukafunguka:
Senga Rafferty, mfua jezi,
mikono myekundu hadi viwikoni,
kikapu cha taulo kiunoni.
Hakuuliza wazazi wetu wako wapi.
Aliuliza, "Mmekula?"

Chumba chake kilikuwa na joto la tanuri la mikate.
Mashine tatu zilizunguka,
na jezi za wiki iliyopita zikicheza humo ndani
mechi isiyoogopa baridi.
Kulikuwa na pai themanini zisizo na mlaji.
Lachlan alizipunguza kwa tatu.
Senga akapiga simu nyumbani; niliisikia sauti ya mama
ikipanda, ikipanda, halafu ikishuka,
na Senga akisema, "La, hawasumbui hata kidogo,
wananisaidia kukunja soksi."
Hatukuwa tumekunja hata moja.
Tukaanza kukunja.

Alikuja na Bwana Tulloch,
siku za kazi mhasibu wa klabu,
Jumamosi sauti ya uwanja,
mtu mkavu, mwenye kikohozi cha kuhesabu senti.
Alituuliza majina. Akauliza herufi zake.
Akaandika, akaondoka bila kuaga.

Wattie akatupitisha handakini mwa wachezaji.
"Nyasi msizikanyage," alionya.
"Zikiganda huwa kama kioo.
Ukiweka mguu, mguu wako utabaki."
Tukasimama ukingoni, sisi na viti elfu mbili vitupu.

Spika zikakwaruza.
"Mabibi na mabwana, kikosi cha leo."
Akawataja wote, kipa, mabeki,
bila haraka, kwa sauti ileile ya siku za watu wengi.
"Namba nne, Una Geddes."
Mimi sikujua niweke wapi mikono.
"Na namba tisa," akanyamaza kidogo, akakohoa,
"namba tisa, Lachlan Geddes!"
Jukwaa la mbali likalirudisha jina likiwa limechelewa,
lan, lan,
kama mtu aliyekimbilia basi akalipata.
Wattie alipiga makofi kwa glavu zake nene,
pu, pu, pu,
na Senga akapeperusha taulo mlangoni.

Wananiuliza hadi leo,
timu imeshashuka madaraja mawili,
mbona bado unanunua tiketi?
Huwa nasema ni mazoea.

Machi jalidi ilipokwisha, mechi ikarudiwa.
Tulifungwa mbili bila, sikumbuki na nani aliyefunga.
Nakumbuka pembeni, karibu na bendera ya kona,
alama moja ya njano kwenye kijani kibichi,
saizi ya kiatu cha mtoto wa miaka sita.
Lachlan aliitazama, akanitazama, akameza mate.
Wakati wa mapumziko Wattie alipita na uma wake
akirudishia vipande vya nyasi vilivyong'oka.
Alipofika pale
akaizunguka.