Goti la Kushoto

Umeniuliza, Chilewa, hapo kitanda namba sita,
goti lako limevimba kama boga la Mpwapwa,
iwapo nimewahi kuona goti bovu kuliko hili.
Nimeliona.
Lilikuwa jeupe, na mshono wa nyuzi kumi na moja,
na mwenyewe alikuwa na miaka ishirini.
Arseni. Mshambuliaji, winga wa kushoto,
mpira wa magongo, juu ya barafu.

Ukadakia: "Gongo? Ndiyo maana akaanguka!"
Wodi nzima ikacheka.
Cheka, lakini kunja goti. Hesabu mpaka kumi.

Nilikuwa nasomea mazoezi ya viungo
mji wa viwanda vya chuma, huko milima ya Urali.
Januari ukitema mate, yanafika chini yakiwa kokoto.
Kirusi changu kilichechemea kuliko wagonjwa.

Baba yake, dereva wa kreni,
alimwaga maji uani usiku, ndoo baada ya ndoo,
asubuhi ua ukawa kioo
na mtoto wa miaka minne akavishwa viatu vya makali.
Nikamwambia: kwetu Mvumi, kiangazi,
mama anaamka saa tisa usiku kufuata ndoo moja.
Akanyamaza. Kisha akauliza:
"Hiyo moja, mnaigawanyaje?"
Usinitazame hivyo. Si mapenzi unayoyadhani.
Ila swali lile sijalisahau.

Miaka kumi na miwili, akahamia bweni la klabu,
akalia chooni asionekane.
Kumi na minane, bao la kwanza ligi kuu:
kile kisahani cheusi kilimgonga makalioni
kikaingia chenyewe.
"Kwenye karatasi," alisema, "makalio hayaandikwi."
Kumi na tisa, klabu ya ng'ambo ikamchagua,
jina la mia moja themanini na nne.
Mama yake akaoka keki ngazi nzima ikala.
Hakuna aliyewaambia kwamba kuitwa
si kuitikiwa.

Halafu beki wa kilo mia, na ukuta wa mbao.
Sauti yake, alisema, ni ya kuni mbichi.

Miezi minane nililishika goti lile.
Nilimfundisha kuniamkia "mbukwa",
akawa anaisema mlangoni kila asubuhi kwa sauti ya jeshi,
wakubwa zangu wakidhani ni jina la dawa.
Barafu ilimlea, barafu ikamvunja,
na mimi, kila jioni, nikamfunga barafu.
Hilo lilimchekesha yeye. Mimi halikunichekesha.

Sasa ana ishirini na mitatu.
Ligi ya pili, basi saa tisa kwenda, saa tisa kurudi,
dakika saba uwanjani, zilizobaki benchi,
kitambaa chenye jasho shingoni.
Jana usiku simu ikalia:
*Mbukwa. Wamenipa mkataba. Mwaka mmoja.*
Sikujua nimpongeze au nimpe pole.
Nikaandika: *Na goti?*
Akajibu: *Linatabiri theluji.*

Wewe ulianguka jukwaa la mafundi kule Mtumba,
ghorofa ya tatu, ukichomelea dirisha
la ofisi ambayo hutaingia.
Unataka nikuapie kwamba utapanda tena.
Siapi, Chilewa. Hata yeye sikumwapia.
Nilimwambia: leo nyuzi sitini, kesho sitini na mbili.

Umeme umekatika tangu alfajiri,
friji yetu inavuja kama jicho la mzee,
nimemtuma mtoto wa mama lishe hapo getini
aniletee barafu zozote atakazozikuta.
Ameleta za ubuyu, mifuko minne, mia mia.
Nyoosha mguu.
Ikichuruzika nyekundu usishtuke, si damu.
Mfuko mmoja tutaunyonya.
Haya, tena: moja.