Yah: Kuacha Kazi

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.
Kichwa changu mimi hakuna anayehusika nacho,
kinauma tangu Jumatatu ya kwanza.

"Mia tano kwa ukurasa," anasema Elirehema,
hainui macho kwenye kibodi
iliyofutika herufi A na herufi N,
yaani jina langu karibu lote.
Duka lake lina upana wa mlango, hapa Rengua, Moshi,
kati ya muuza miwani na fundi cherehani.

Natamka, anachapa:
Ndugu Meneja, naomba kuacha kazi.
Futa "naomba".
Anayeomba aweza kunyimwa.
Andika: Nimeamua.
Neno linasimama kwenye kioo
kama mtoto aliyevaa viatu vya kaka yake.

Leo siku ya ishirini na tano.
Walisema stoo ya kahawa, asubuhi hadi jioni,
kupima magunia na kuandika.
Wiki ya pili zamu ikahamia usiku.
Wiki ya tatu kilo zilizopungua zikawa zangu,
zikatwe kwenye mshahara
ambao rangi yake sijaiona.
Na vyeti vyangu halisi, cha kidato cha nne na cha chuo,
vimelala kwenye sefu ya meneja, "kwa usalama".
Wa nani, sikuuliza.
Mwenye kodi ya miezi miwili shingoni
hasomi mkataba, anasaini.

Sasa nausoma.
Kifungu cha tisa: mwajiriwa akitaka kuondoka
atatoa notisi ya miezi mitatu
na kurudisha gharama za mafunzo.
Mafunzo gani? Nilioneshwa choo
na swichi ya taa.
Kifungu cha kumi: mwajiri, siku saba.
Kazi yangu kupima;
mizani iliyochezewa naijua.

Elirehema anachungulia, anacheka kwa pua.
"Ukurasa wa tatu, mstari wa mwisho. Soma."
Nasoma: *...mali ya Kampuni ya Mabomba, Himo.*
"Niliuchapa mimi huo. Walileta wa watu wengine,
wakasema badilisha majina.
Hilo moja lilinitoroka."

Wiki tatu sipati usingizi wa mchana
kwa kuogopa sentensi ya wauza mabomba.

Jana nilipita ofisi ya kazi.
Mama mmoja, sweta ya kijani, chai imepoa mbele yake:
"Ndani ya mwezi wa kwanza, siku saba.
Ukiuvuka, ishirini na nane.
Na notisi ni sawa kwenu nyote wawili,
sheria haina mtoto wa kambo."
Na vyeti?
"Vidai kwa maandishi. Wakigoma, ipo Tume."
Na zile kilo?
Akatazama saa ya ukutani.
"Hizo ndefu. Njoo Alhamisi."

Nahesabu kwa vidole, mkono mmoja unatosha.
Siku tano, kisha mlango unakuwa mzito.

"Niweke *Wako katika ujenzi wa taifa*?"
Weka jina tu.
"Anande Lyatuu. Basi?"
Basi. Na aya ya vyeti ipigie mstari.
Printa inatafuna karatasi ya kwanza,
ya pili inatoka na michirizi,
ya tatu inatoka.
"Hii silipishi," anasema. "Himo ni kosa langu."

Masjala wanageuza barua juu chini
kana kwamba nyuma kuna nyingine.
Muhuri umekauka. Karani anaupulizia pumzi,
anaugonga: IMEPOKEL—
zilizobaki hazikupata wino.
Tarehe lakini inasomeka.
Nakala yangu naikunja mara mbili, naitia kifuani.

Saa mbili usiku naingia zamu.
Siku saba bado ni zao.
Gunia la kwanza limepungua kilo moja na nusu
kabla mkono wangu haujaligusa.
Naandika hivyo hivyo daftarini,
na pembeni, kwa kalamu, jina langu lote,
kila A, kila N.