Saa ya Maumivu Kuanza

Niliajiriwa kuhesabu.
Mkataba wa miezi mitatu, ukurasa mmoja,
chumba cha chini katika hospitali karibu na Barabara ya Ngong,
taa ya mrija inayopepesa,
na mafaili elfu moja mia mbili na sita
ya watu waliopatwa na mshtuko wa moyo.

Daktari Odera aliniachia fomu:
Umri. Jinsia, Me au Ke. Saa ya maumivu kuanza.
Saa ya kufika. Saa ya kipimo.
Mwishoni visanduku viwili: aliruhusiwa, alifariki.
"Usisome sana," aliniambia. "Jaza tu."

Mimi nasoma.

Gathogo, sitini na tatu, fundi viatu, Kariokor.
Alijishika kifua mbele ya wateja
akaangukia ngozi na gundi.
Hata mtoto wa kuuza njugu alijua ni moyo.
Dakika arobaini: waya kifuani, sindano mshipani.
Aliruhusiwa.

Nekesa, arobaini na nne, mpishi wa shule, Kayole.
Taya lilimuuma, akadhani jino.
Mgongo ukamuuma, akadhani sufuria za maharagwe.
Alipotapika jirani akamtania kuwa ana mimba, wakacheka wote wawili.
Zahanati ya kwanza: vidonda vya tumbo, dawa nyeupe ya chupa.
Zahanati ya pili: mama, punguza mawazo.
Saa kumi na tisa zilipita kabla ya waya wa kwanza.
Kisanduku cha pili.

Nilitoka nje nikanunua chai.
Ilikuwa baridi ya Julai,
ile isiyonyesha wala kuondoka.

Wiki ya sita nikaanza kuona umbo,
kama mtu anavyoona sura kwenye ukuta unaovuja.
Chini ya hamsini na tano, Ke ni wachache;
wachache, lakini tazama alama zao zinakoangukia.
Kwenye sitini pengo linapungua.
Kwenye sabini na tano Me na Ke wanakwenda bega kwa bega,
kana kwamba uzee ndio unaompa mwanamke
ruhusa ya kuugua moyo.

Na wapo wasiotaka umbo lolote.
Syombua, themanini na moja, mtaa wa Jericho.
Mtu aliandika kwa wino mwekundu: umri mkubwa, tusimsumbue.
Siku ya tisa muuguzi akaandika:
mgonjwa ameketi, anadai kiondo chake,
anasema kilikuwa na mayai sita.

Lakini kilichoniketisha chini ni nafasi tupu.
Saa ya maumivu kuanza.
Kwa wanaume imejaa:
mke anasema saa moja na dakika kumi, taarifa ya habari ndiyo imeanza;
mke anasema alikuwa hajamaliza ugali, kipande kilibaki mkononi.
Kwa wanawake, faili baada ya faili:
mume hajui.
Mwana hajui.
Alikuwa jikoni.
Haijulikani.

Nilimpelekea Odera. Akavua miwani, akaifuta.
"Acha wazi. Kompyuta itawatoa
wasiokamilika."
Nekesa naye angetolewa,
ila binti yake wa darasa la sita
alikumbuka kengele ya mapumziko.

Jioni, Uthiru, ninakata sukuma,
Barasa anatazama mpira.
"Nikikuambia taya linaniuma," nikamwambia, "tazama saa."
"Taya?"
"Taya. Mgongo. Kichefuchefu. Chochote. Tazama saa, ukumbuke."
Akacheka, kisha akaniona uso, akaacha.
Timu yake ilifunga bao, hakugeuka.
Aliinua mkono polepole kwenye mwanga wa televisheni.

"Saa mbili kasorobo," akasema,
ingawa hakuna kilichokuwa kikiniuma.