Boila la Crowe

Nililinunua kwa kilo, kwenye mnada wa reli,
na juu yake nikapewa matusi ya bawabu, bure.
Mkokoteni ukavunjika ekseli pale Landhies,
tukalisukuma hadi Gikomba,
watu saba na mvua.

Nilipokwangua kutu, jina likanitazama:
O. CROWE, na wanawe, 1889.
Herufi zimetuna kama makovu.

Kavutha wangu akamtafuta kwenye simu.
Picha ni moja tu: ndevu, mnyororo wa saa,
mkono umeshika kiti kana kwamba kitatoroka.
Akanisomea huku mimi nakata.

Baba yake mfuma soksi, alikufa na deni la mkate.
Yeye, miaka tisa, akafagia vumbi la chuma kiwandani.
Kufika thelathini, kiwanda chake;
kufika arobaini, mtaa wake, duka lake,
mshahara ukitoka Jumamosi mchana
jioni umesharudi kwake kwa mlango wa unga na sukari.
Alijenga kanisa. Hakuonja pombe.
Kisha boila lilipasuka, watu kumi na mmoja.
Kila mjane alipewa Biblia, shilingi kumi,
na barua ya kuhama nyumba ya kampuni.

"Baba, unasikia?"
Nasikia.
Mwali wa gesi umenizimikia mkononi.

Maana yuko Kisilu,
kijana wangu wa kushika koleo,
Januari moto ulipomla vidole vitatu.
Nilimpelekea maziwa, mkate, elfu mbili,
nikasema pole, kazi ni kazi,
na Jumatatu nikaajiri mwingine.
Biblia sikumpa.
Tofauti yetu ni hiyo tu.

Crowe hakuiona Nairobi.
Alifia kitandani, mashuka yamepigwa pasi;
chuma chake ndicho kilichosafiri,
kikapanda Bonde la Ufa kikikohoa
na kuchemsha maji ya watu wengine.
Wanawe waliuza kiwanda, wakagombania saa.

Bi Nasimiyu alitaka chuma cha chapati, kinene,
kisichopinda kwa makaa.
Nikamkatia papo hapo penye jina.
Kesho yake akaja amefura, chapati mkononi:
"Fundi, mbona chakula changu kina maandishi?"
Kweli. Crowe, kinyumenyume,
amebabuka kahawia, ananukia mafuta.

Nikawasha grainda.
Cheche zikaruka hadi kwa wauza mitumba, wakanitukana.
Nikasaga mwaka, nikasaga wanawe,
nikasaga O na C na R na nyingine ile O,
hadi jiwe la grainda likaisha,
na duka la vipuri limefungwa.

Zimebaki mbili, pembeni.
Zinasomeka: WE.
Kama mtu anayeniita kutoka ng'ambo ya barabara.

Kisilu anakaa Majengo.
Si mbali.